Fedha ya Jirani: Bahati Nasibu za Serikali na Kasino katika Historia ya Marekani

Martin Luther alipoieleza Amri ya Saba katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango usiku. Alitaja fedha na mali ya jirani, akafundisha kwamba hatuna ruhusa ya kumpokonya kwa biashara ya hila, tena kwamba tunaagizwa kumsaidia aitunze mali yake na kuiendeleza. Kila mwanafunzi wa kipaimara hukariri mafundisho hayo. Nimeyakumbuka mara nyingi nilipokuwa nikisoma historia ya bahati nasibu na kasino huko Marekani, kwa sababu jirani hutokea humo kila mahali, ila kwa maana iliyopinduliwa. Katika historia hiyo jirani ndiye anayetarajiwa kulipa.

Kwanza tuondoe kikwazo kimoja. Mada hii inapozushwa katika semina zetu, hakosi mtu wa kuuliza: je, Mitume hawakupiga kura walipomchagua Mathiya (Mdo. 1:26)? Na Mithali 16:33 haifundishi kwamba matokeo ya kura yamo mikononi mwa Mungu? Ni kweli. Lakini Mathiya hakushinda mali ya Yusufu Barsaba, wala hapakuwa na mfuko wa fedha uliotoka kwa watu mia ukaenda kwa mmoja. Kura ya namna hiyo iligawa wajibu au urithi. Kamari hugawa fedha za walioshindwa. Kura iliyo karibu zaidi na kamari katika Agano Jipya ni ile ya askari chini ya msalaba, nayo ilipigwa juu ya vazi la mtu aliyekuwa akifa. Tuiache hoja hiyo hapo, twende kwenye historia. Niongeze tu kwamba neno "jimbo" katika makala hii si jimbo la dayosisi, bali ni sehemu ya Marekani yenye gavana wake, bunge lake na sheria zake. Majimbo hayo leo ni 50, na mipaka kati yao ndiyo kiini cha habari hii.

Koloni la kwanza la kudumu la Waingereza katika Amerika Kaskazini, yaani Jamestown, lilianzishwa mwaka 1607, na haukupita muda mrefu likawa katika dhiki kubwa ya fedha. Mwaka 1612 Mfalme James I aliipa Kampuni ya Virginia hati yenye ruhusa ya kuendesha bahati nasibu ili koloni lisife. Ya kwanza ilichezeshwa London, na mshindi wake mkubwa alikuwa fundi cherehani. Baadaye ikazungushwa katika miji ya mikoani, malalamiko yakazidi, ikasimamishwa mwaka 1621. Wakoloni wenyewe walipokua kwa idadi waliichukua njia hiyo. Hawakuwa na mabenki, na kodi waliichukia mno. Basi barabara, madaraja na maghala yalijengwa kwa tikiti. Benjamin Franklin alisaidia kuandaa bahati nasibu ya mwaka 1747 kwa ajili ya ulinzi wa Philadelphia, na miaka michache baadaye akawa mmoja wa wasimamizi wa nyingine ya kumalizia mnara wa Christ Church na kununua kengele zake.

Mnara huo haukuwa peke yake. Makanisa ya Kianglikana, ya Kipresbiteri na hata ya Walutheri Wajerumani wa Pennsylvania yaliomba vibali vya bahati nasibu ili kuezeka mapaa na kulipa madeni. Vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, ambavyo vilianzishwa kwa nia ya kuandaa watumishi wa Neno, vilijipatia majengo kwa njia hiyo hiyo. Waliopinga kwa uthabiti tangu mwanzo ni Waquaker, nao walionekana wagumu wasiojua shida za ujenzi. Sisi tunaofahamu jinsi usharika unavyohangaika kutafuta mabati tusiwahukumu haraka wazee wale. Lakini jambo moja lisisahauliwe: serikali za Marekani zilipoanza kuuza tikiti katika karne ya ishirini, hazikubuni kisingizio kipya. Kazi njema kuwa mlango wa kamari ni mafundisho waliyoyapata kwetu, watu wa makanisa na vyuo.

Kuna simulizi moja ya enzi hiyo isiyoniruhusu kuifanya hoja yangu kuwa nyepesi. Mwaka 1799, katika mji wa Charleston, South Carolina, mtumwa mmoja seremala aliyeitwa Denmark Vesey alinunua tikiti ya bahati nasibu iliyoendeshwa kwa ajili ya kutengeneza barabara ya East Bay. Akashinda dola 1,500. Kwa dola 600 kati ya hizo alijinunua mwenyewe akawa mtu huru. Wamiliki wa mke na watoto wake, hata hivyo, hawakukubali kuwauza. Vesey alijiunga na Kanisa la Methodisti la Waafrika mjini humo, na mwaka 1822 alishtakiwa kwamba aliandaa maasi makubwa ya watumwa. Alinyongwa tarehe 2 Julai, na pamoja naye katika majira hayo wakanyongwa wengine zaidi ya 30. Jengo la kanisa lao likabomolewa. Ni nani awezaye kusema tikiti ile ilikuwa ovu? Lakini tuone pia ilichofanya na isichofanya. Ilimtoa mtu mmoja utumwani, nayo ikauacha utumwa ulivyokuwa. Matumaini ya maskini wengi yalikusanywa na kumwangukia mmoja, na hata huyo mmoja hakuweza kumfikishia uhuru mkewe.

Kufikia miaka ya 1830 hali ilibadilika. Uendeshaji wa bahati nasibu ulikuwa umeangukia mikononi mwa madalali wa kitaalamu, udanganyifu ukawa jambo la kila siku, na uamsho wa kidini ukaleta wahubiri waliosema wazi. Pennsylvania na Massachusetts zilipiga marufuku mwaka 1833, majimbo mengine yakafuata, hata ilipofika 1860 yalibaki matatu tu yaliyoruhusu: Delaware, Kentucky na Missouri.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 viliyaacha majimbo ya Kusini magofu. Mwaka 1868 bunge la Louisiana liliipa kampuni moja haki ya pekee ya kuendesha bahati nasibu kwa miaka 25, kwa malipo ya dola 40,000 kila mwaka kwa hospitali ya maskini ya New Orleans. Majenerali wawili mashuhuri wa jeshi la Kusini lililoshindwa, Beauregard na Early, waliajiriwa kusimamia uchezeshaji ili watu waone heshima. Tikiti zilisafiri kwa posta hadi kila pembe ya nchi, na inakadiriwa kwamba kama asilimia 90 ya mapato ilitoka nje ya Louisiana. Hapo ndipo tunauona mtindo wote kwa uwazi. Wananchi wa Louisiana walipata hospitali, na waliolipa walikuwa watu wa mbali ambao hawakuwa na kura wala sauti katika bunge la New Orleans. Wanasiasa wa jimbo wakanunuliwa kama vitunguu sokoni.

Hati ilipokaribia mwisho, kampuni iliahidi kulipa dola 1,250,000 kwa mwaka ikiwa itaongezewa muda. Kwa jimbo maskini hicho kilikuwa kishawishi kikubwa. Gavana Francis Nicholls, mkongwe wa vita aliyepoteza mkono na mguu, alikataa kutia sahihi mwaka 1890. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilizuia posta kubeba habari za bahati nasibu. Tarehe 25 Juni 1891, mhubiri wa Kipresbiteri Benjamin Palmer alisimama katika jumba la opera la New Orleans, akaihutubia hadhara kubwa juu ya uovu wa kampuni hiyo, na watu wa siku zile walikiri kwamba hotuba yake iliugeuza mji. Wapiga kura waliikataa kampuni kwa wingi mkubwa mwaka 1892, nayo ikahamia Honduras. Sheria ya 1895 ilizuia tikiti kuvuka mipaka ya majimbo, na mwaka 1903 Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha.

Tungependa kumsifu Palmer na kuendelea. Lakini ni Palmer huyo huyo ambaye mnamo Novemba 1860, katika mimbari yake ya New Orleans, alihubiri kwamba Mungu amewakabidhi watu wa Kusini wajibu wa kuulinda utumwa na kuuendeleza. Mahubiri hayo yalichapishwa kwa maelfu, yakasaidia kuisukuma Louisiana nje ya muungano. Aliona vizuri jinsi kampuni ilivyowanyonya wanunuzi wa tikiti, asione jinsi mashamba ya miwa ya washarika wake yalivyowanyonya wenye ngozi nyeusi. Wanafunzi wa historia ya Kanisa wanapaswa kuyasoma yote mawili pamoja.

Kwa takriban miaka 70 baada ya hapo hapakuwa na bahati nasibu halali ya serikali nchini Marekani. Nevada, jimbo la jangwa lenye watu wachache, lilihalalisha kasino mwaka 1931 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Halikutegemea raia wake bali wageni kutoka California. Katika majimbo ya mashariki, bingo katika kumbi za parokia iliendelea kimyakimya hadi ilipohalalishwa, New Jersey mwaka 1953 na New York mwaka 1957. Kwa mara nyingine mlango ulishikwa na mkono wa Kanisa.

Ndipo tunafika New Hampshire. Jimbo hili dogo halikuwa na kodi ya jumla ya mapato wala ya mauzo, na wananchi wake walijivunia jambo hilo. Lakini shule hazijengwi kwa majivuno. Tarehe 30 Aprili 1963 Gavana John King alitia sahihi sheria ya bahati nasibu itakayofungamanishwa na mbio za farasi. Tikiti za dola 3 zikaanza kuuzwa Machi 1964, katika viwanja vya mbio na katika maduka ya pombe ya serikali, na mbio zenyewe zilikimbiwa Septemba huko Rockingham Park, uwanja ulio karibu kabisa na mpaka wa Massachusetts. Mahali hapo palifaa sana, kwa maana wanunuzi wengi mno walikuwa watu wa majimbo ya jirani. Kwa maneno mengine, watoto wa New Hampshire wangesomeshwa kwa fedha za Massachusetts na New York.

Jirani naye ana hesabu zake. New York ilianzisha bahati nasibu yake mwaka 1967. New Jersey ikafuata mwanzoni mwa 1971 kwa tikiti za senti 50 zinazochezwa kila wiki, na Massachusetts mwaka 1972. Kila mmoja alisema anazuia fedha za watu wake zisiende kwa mwenzake. Matokeo yake ni rahisi kuyaona: jirani wote walipokuwa na bahati nasibu zao, hapakubaki mgeni wa kulipa, na kila serikali ikalazimika kuwageukia raia wake yenyewe. Tena si raia wote kwa usawa, kwani utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya pato lao kwa tikiti kuliko matajiri. Mwaka 1974 Massachusetts ilileta tikiti ya kukwangua, inayotoa jibu papo hapo na kumwita mnunuzi arudie papo hapo. Mwaka 1975 New Jersey iliunakili mchezo wa namba tatu uliokuwa ukichezwa kwa siri katika mitaa ya watu weusi, mchezo ambao polisi walikuwa wakiwafunga watu kwa ajili yake. Serikali ambayo jana ilikuwa hakimu, leo ikawa mchuuzi, na ikaanza kulipia matangazo ya biashara.

Leo majimbo 45 yana bahati nasibu. Mwaka 2015 waendeshaji wa Powerball, mchezo unaoyaunganisha majimbo mengi, walibadilisha mpangilio wa namba, na uwezekano wa kushinda tuzo kuu ukashuka kutoka 1 katika milioni 175 hadi 1 katika milioni 292. Walifanya hivyo makusudi, ili tuzo isishindwe mapema, ilimbikizwe na kuvuta watu. Miezi mitatu baadaye, Januari 2016, ilifika dola bilioni 1.586, na mistari ya wanunuzi ikavuka barabara.

Kasino zilipita njia ile ile, kwa mwendo wa kasi zaidi. Atlantic City, mji wa pwani wa New Jersey ambao hoteli zake zilikuwa zimechakaa, uliruhusiwa kwa kura ya mwaka 1976, na sehemu ya kodi iliahidiwa kwa wazee na walemavu. Kasino ya kwanza ilifunguliwa Mei 1978. Kwa miaka mingi mabasi yalileta wachezaji kutoka Philadelphia na New York. Kisha Pennsylvania ikafungua zake kuanzia mwaka 2006, mabasi yakapungua, na mwaka 2014 kasino 4 kati ya 12 za Atlantic City zilifungwa, ikiwemo moja iliyogharimu dola bilioni 2.4 na kudumu kwa miaka miwili tu. Habari za makabila ya wenyeji asilia, waliopata haki ya kuendesha kasino kwa hukumu ya 1987 na sheria ya 1988, zinahitaji makala yake, kwa kuwa hapo dhuluma ya kale inachanganya hesabu.

Iowa inafundisha zaidi kwa uchache wa maneno. Watu wake, wakulima wenye kiasi, wengi wao Walutheri na Wamethodisti, walikubali kamari ndani ya meli za mto Mississippi kwa masharti: dau lisizidi dola 5, na mtu asipoteze zaidi ya dola 200 katika safari moja. Meli zilianza tarehe 1 Aprili 1991. Kabla mwaka haujaisha Illinois, ng'ambo ya mto, ilianzisha zake bila masharti hayo. Mwaka uliofuata meli mbili za Iowa zilishuka na mto hadi jimbo la Mississippi, palipokuwa na sheria legevu. Mwaka 1994 Iowa iliyafuta masharti yote mawili. Sina hakika kama kuna mfano ulio wazi zaidi wa dhamiri kushindwa kwa mnada.

Huko Mississippi zilikoelekea meli hizo ipo wilaya ya Tunica, nchi ya mashamba ya pamba, yenye wakazi wengi weusi, iliyohesabiwa miongoni mwa wilaya maskini kabisa za Marekani. Mchungaji Jesse Jackson alipoitembelea mwaka 1985, akaona mtaa wenye mfereji wa maji machafu wazi mbele ya nyumba, aliuita Ethiopia ya Marekani. Oktoba 1992 kasino ya kwanza ilifunguliwa Mhoon Landing, ikielea juu ya maji kama sheria ilivyodai, na watu walilipa dola 10 ili waingie tu. Kazi zilipatikana, nazo zilikuwa kazi za kweli zenye mishahara; wilaya ikapata barabara na majengo ya shule. Mtumishi wa Mungu asiyelikiri hilo hatasikilizwa na watu wa Tunica. Lakini wateja walitoka Memphis, mji mkubwa ulio kaskazini, na kila kasino mpya ilijengwa hatua kadhaa karibu zaidi na mji huo ili imtangulie mwenzake barabarani. Ya kwanza, iliyokuwa mbali kuliko zote, ilifungwa mwaka 1995, haijatimiza hata miaka mitatu. Mwaka 2014 ikafungwa kubwa kuliko zote. Mwaka 2018 wapiga kura wa Arkansas wakaruhusu kasino, na West Memphis iko daraja moja tu kutoka Memphis yenyewe.

Imebaki hoja ya shule, ambayo ndiyo iliyowanyamazisha wahubiri wengi. Fedha za bahati nasibu zikitengwa kwa elimu, wabunge hupata nafasi ya kupunguza fedha za elimu zilizotoka katika kodi ya kawaida na kuzipeleka kwingine. Mfuko unaonekana umejazwa, kumbe umetobolewa chini. Georgia ilijitahidi kuliepuka tatizo hilo mwaka 1993 kwa kuzielekeza fedha katika ufadhili wa wanafunzi wa vyuo, na mpango wake ukasifiwa sana. Lakini hapo pana swali la pili: tikiti zinanunuliwa zaidi katika mitaa ya maskini, na wanaofika chuoni wakiwa na alama za kutosha ni zaidi watoto wa wenye nafasi. Kumchukulia jirani maskini ili kumsomesha jirani mwenye nafuu ni jambo ambalo Luther angelitambua mara moja.

Gavana Don Siegelman wa Alabama alichaguliwa mwaka 1998 kwa ahadi ya kuuiga mpango wa Georgia. Makanisa ya jimbo hilo, weusi kwa weupe, ambayo si mara nyingi yamesimama upande mmoja, yalifanya kampeni ya kupinga. Tarehe 12 Oktoba 1999 asilimia 54 ya wapiga kura walisema hapana. Lakini waliposema hapana kwa bahati nasibu, shule zao ziliendelea kuwa na mapungufu yale yale. Mwaka 2003 gavana aliyefuata, Bob Riley, mkristo wa Kibaptisti, aliwaomba wapandishe kodi kwa wenye nacho na kuipunguza kwa maskini, tena akaitetea hoja yake kwa Maandiko. Walikataa pia, kwa wingi mkubwa kuliko ule wa 1999.

Leo Florida, Georgia, Tennessee na, tangu 2019, Mississippi, zote zina bahati nasibu, na Alabama imezungukwa. Aprili 2024 muswada wa kuiruhusu ulikwama katika Seneti ya jimbo kwa upungufu wa kura moja. Tuzo kuu inapopanda, magari yenye namba za Alabama hupanga mstari katika maduka ya mpakani, na ndani yake wamo watu waliopiga kura ya hapana.